Mwalimu Mpya Anaporipoti

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwalo la shule)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya ualimu, kwa sababu katika wale tuliomaliza kidato cha sita hapa mwaka 1976 mimi ni mmoja wa watatu walioingia kazi hiyo wakabaki humo mpaka kustaafu. Nimeshika chaki miaka kumi na minne katika shule za sekondari, na miaka iliyobaki nilikuwa mkufunzi katika vyuo vya ualimu. Nimepewa nusu saa. Kumpa mwalimu mstaafu kipaza sauti ni jambo la hatari kidogo, lakini nitajitahidi.

Nataka niseme mapema ninakokwenda, asije mtu akadhani nimemvizia. Katika karatasi mliyogawiwa asubuhi, ajenda namba 6 yahusu matumizi ya fedha za ujenzi tulizochanga kwa miaka mitatu. Pendekezo lililoandikwa ni lango jipya la shule, lenye nguzo za mawe na majina ya waliochanga. Mimi nitaleta pendekezo jingine. Lakini kabla ya kufika huko sina budi nieleze mwalimu mzuri hupatikanaje, maana jambo hili twalisema sana katika harusi na misiba, na aghalabu twalisema nusu nusu.

Tukilalamika kwamba walimu wazuri hakuna siku hizi, kila mmoja wetu humkumbuka mwalimu wake. Mimi pia ninaye. Lakini twamkumbuka akiwa amekwisha kuiva. Hatukumbuki alivyokuwa mbichi. Wale waliokuwa hapa mwaka 1974 watakumbuka alipofika mwalimu wetu wa hesabu, kijana mwembamba aliyetoka Chuo Kikuu mwaka ule ule. Wiki ya kwanza chaki ilimkatika mkononi mara nne katika kipindi kimoja. Alisema na ubao, akatuacha sisi tukisema wenyewe kwa wenyewe. Kwa akili alituzidi mbali sana, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu hakuweza kuona ni wapi mtu mwingine angeweza kukwama.

Basi Mkuu wa Shule wa wakati ule akachukua kiti, akaja kukaa nyuma ya darasa karibu na dirisha. Akakaa hapo kila kipindi cha hesabu kwa mwezi mzima. Sisi tulidhani mwalimu anaadhibiwa, na baadhi yetu, wakorofi, tulifurahi. Mkuu hakusema neno darasani hata siku moja. Baada ya kipindi tuliwaona wawili wale wakitembea polepole chini ya miembe kuelekea ofisini, mzee akieleza kwa mikono, kijana akiandika katika daftari. Mwezi wa pili kiti kikaondolewa. Mwaka wa pili tulikuwa tukigombania madawati ya mbele katika kipindi chake. Wahandisi wanne walioketi katika mkutano huu ni kazi ya mkono wake, na wao wenyewe wanalijua hilo vizuri.

Nimekitaja kiti kile kwa sababu katika miaka yangu yote ya ukufunzi nimekitafuta katika shule nilizokwenda kukagua wanachuo wangu, na nimekikuta mara chache sana.

Sasa niseme habari za nchi. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, walimu wengi wa sekondari walikuwa wageni. Miaka ya 1960 shule hii ilifundishwa na Waingereza, Wakanada na vijana wa Peace Corps kutoka Marekani. Walimu Watanzania wenye digrii walihesabika. Rais wetu wa kwanza mwenyewe alikuwa mwalimu, alifundisha St. Mary's Tabora na baadaye St. Francis Pugu, na jina la Mwalimu alilipenda kuliko vyeo vyote. Jina hilo liliipa kazi hii heshima kubwa. Hata hivyo heshima hailipi kodi ya nyumba, na tangu hapo nchi yetu imejikuta mara mbili ikihitaji walimu wengi kwa ghafula kuliko vyuo vilivyoweza kutoa.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ilifutwa kwa azimio moja. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, lakini wale watoto waliokuwa na miaka saba mwaka 1974 wasingeweza kungoja mpaka 1989. Wangekuwa na wake na watoto wao. Mimi silaumu azimio lile. Nauliza tu walimu walitoka wapi.

Walitoka vijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakawekwa katika shule za msingi, wakawa wanafundisha baadhi ya saa na kusomea ualimu saa nyingine. Walisoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu, kwa miaka mitatu hivi, kisha wakaenda chuoni kwa wiki chache. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wenye kejeli walizigeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na kejeli hiyo imewafuata walimu wale mpaka uzeeni.

Katika miaka ya MMEM, iliyoanza 2002, nilipangiwa darasa la walimu wa UPE waliorudi chuoni kujiendeleza hadi daraja la A. Wengi walikuwa rika langu, watu wazima wenye miwani na wajukuu. Niliwapa kazi ya kwanza waandike walijifunzaje kufundisha. Nilipokuwa nikisahihisha nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Darasa lilikuwa na makundi mawili, na tofauti yao haikutokana na alama zao za darasa la saba, wala na umri, wala na mkoa. Kundi la kwanza waliandika habari za mtu. Waliandika, "mwalimu wangu mlezi alinikalisha", "alinionyesha", "alinirudisha nikafundishe tena". Kundi la pili waliandika habari za redio iliyokwisha betri, na za mwalimu mzoefu ambaye siku ya kwanza aliwakabidhi chaki na rejista akaenda zake shambani.

Nilipowakagua wakifundisha, nikaona makundi yale yale mawili. Mama mmoja, ambaye elimu yake rasmi iliishia darasa la saba, nilimtazama akiwafundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza wasiopungua tisini. Hakupiga kelele. Aliwagawa kwa mistari, kila mstari na silabi zake, akatumia mbegu na vizibo vya soda, akapita kati yao akisikiliza midomo ya watoto. Aliposikia kosa hakumwaibisha mtoto; alirudia silabi kwa mstari mzima, na yule mtoto akajisahihisha humo humo. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akanitajia mwalimu mkuu mmoja wa kijijini, marehemu tayari, aliyekaa naye kila alasiri kwa miaka miwili. Nathubutu kusema kwamba nimewahi kukagua wenye digrii ya uzamili wasioweza kufanya alichofanya mama yule kabla ya saa nne asubuhi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba masomo ya chuo hayana kazi. Mwalimu asiyejua somo lake hawezi kuokolewa na mlezi yeyote, na wako walimu wa UPE waliofundisha sehemu za hesabu ambazo wao wenyewe hawakuzielewa. Watoto wao walilipa gharama hiyo.

Mara ya pili ilikuwa sekondari. Kuanzia mpango wa MMES wa mwaka 2004, na hasa baada ya 2006, kila kata ilijenga shule. Wanafunzi wa sekondari walikuwa kama nusu milioni mwaka 2005. Mwaka 2010 walikuwa wamepita milioni moja na nusu. Wananchi walichanga matofali, mchanga na mabati, na majengo yakasimama. Mwalimu hasimami kwa matofali. Chang'ombe na Mkwawa zikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya ualimu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007, lakini digrii huchukua miaka mitatu na kidato cha kwanza kilikuwa tayari kimeketi kikingoja. Waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakatumwa mashuleni. Watu wakawaita "vodafasta". Sisi ni hodari sana wa kuwapa majina walimu wetu.

Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa walikuwa karibu laki nne, na zaidi ya nusu yao walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya mwezi wa tano. Najua sababu zilikuwa nyingi: vitabu, maabara, lugha, njaa, umbali. Lakini mimi niliijua shule moja ya kata yenye walimu watano, ambao wote walikuwa na chini ya miaka miwili kazini, akiwemo mkuu wa shule mwenyewe. Nani angeweka kiti nyuma ya darasa la nani? Vipofu wakiongozana, ndugu zangu, hata njia nzuri haiwasaidii.

Sasa kuna jambo la kushangaza. Walimu wenye vyeti na digrii leo wapo mtaani kwa maelfu. Baadhi yao walihitimu miaka mingi iliyopita na wanafundisha kwa kujitolea, wakipewa nauli na wazazi. Mwaka 2017 walimu wa masomo ya sanaa waliozidi katika sekondari walipelekwa shule za msingi. Na wakati huo huo Mkuu wetu wa Shule hapa, nitamsema mbele yake, anatafuta mwalimu wa fizikia na wa pili wa hesabu, na hawapati.

Sababu yake si siri. Kati ya mwaka 2019 na 2022, ufaulu wa hesabu katika mtihani wa kidato cha nne ulikuwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2023 ulipanda kufika kama asilimia 25. Yaani katika vijana watano, mmoja tu, au mmoja na robo, ndiye aliyefaulu. Katika hao wachache ndimo tunamotafuta madaktari, wahandisi, wahasibu, marubani na wataalamu wa kompyuta wa taifa zima. Wote hao wakishachagua, ndipo ualimu unakuja kuokota. Kisha tunampeleka huyo tuliyemwokota akafundishe hesabu, na mwaka unaofuata tunashangaa asilimia ni ile ile.

Watu waliosafiri hupenda kututajia Finland, ambako tangu mwaka 1979 mwalimu wa shule ya msingi husomea mpaka digrii ya uzamili, na waombaji wengi wa ualimu hukataliwa kwa kukosa nafasi. Ni kweli. Lakini wanaotaja Finland husahau kwamba kule kijana mwenye akili akisema nyumbani "nataka kuwa mwalimu", mama yake hufurahi. Hapa kwetu kijana wa namna hiyo akisema hivyo, huitishwa kikao cha ukoo.

Nifike sasa kwa mwalimu mpya, kwani hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mwalimu mpya anaporipoti anakuwa na begi moja, bahasha ya barua, na fedha za wiki mbili. Nilipoanza kazi mimi, katika wilaya ambayo sitaitaja, mshahara wa kwanza ulinifikia mwezi wa nne. Nililala katika stoo ya vifaa vya michezo, juu ya magoli ya mpira wa pete, nikala kwa mpishi wa shule kwa mkopo. Baadaye, kila mwisho wa mwezi, walimu wa vijijini tulifunga safari kwenda wilayani kufuata mshahara, na madarasa yakakaa siku mbili tatu bila mtu. Siku hizi mshahara hupitia benki na simu, na hilo ni jema sana. Lakini bado ucheleweshaji wa mwanzo upo mahali pengi, na chumba cha kupanga kipo mjini, kilomita saba kutoka hapa. Mwalimu anafika kwa pikipiki saa mbili akiwa na vumbi, saa tisa anaondoka. Maandalizi ya jioni hayaoni. Mwanafunzi aliyekwama saa moja usiku hana wa kumwuliza. Kwa mwalimu wa kike mambo ni magumu zaidi, na sasa tunao sita hapa. Kupanga chumba peke yake katika mtaa asioujua, na kurudi gizani baada ya zamu, si jambo la kumwombea binti wa mtu.

Siku ya kwanza mwalimu wa taaluma anamkabidhi ratiba. Kwa kuwa yeye ni mgeni na hana sauti, hupewa vipindi ambavyo wenyeji hawavitaki: kidato cha pili mkondo wa mwisho, saa nane mchana. Anaandika azimio la kazi kwa kunakili la mwaka jana. Andalio la somo analiandika ili mkaguzi akija alikute. Naam, siku hizi huitwa mthibiti ubora wa shule, lakini tumbo la mwalimu hukaza vile vile amwonapo. Hakuna anayeingia darasani kwake kwa wema. Mlango ukifunguliwa na mtu mzima, ni kwa sababu kuna tatizo. Mwaka mmoja wa namna hiyo unatosha kumfundisha kijana mambo ambayo ataishi nayo miaka thelathini: kuandika maelezo ubaoni wanafunzi wanakili, kuita wanne wale wale wanaojua jibu, na kumaliza mada bila kuuliza nani amebaki nyuma. Nimewapokea chuoni walimu wenye uzoefu wa miaka ishirini ambao kwa kweli walikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja walioufanya mara ishirini.

Serikali inalijua jambo hili. Vituo vya Walimu vilijengwa zamani ili walimu wakutane. Siku hizi upo mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unawataka walimu wa shule moja wakae pamoja na kusaidiana katika kufundisha. Nimeusoma, na nauona ni mpango mzuri, kwa sababu unaanzia shuleni na wala haumngoji mgeni kutoka makao makuu. Lakini mtu aliyechoka, anayewahi pikipiki ya saa tisa, hawezi kukaa kikao cha saa kumi.

Hapo ndipo linapokuja lango.

Ndugu Mwenyekiti, nimemwomba fundi aliyetoa makisio ya lango anipe makisio ya nyumba. Kwa fedha zile zile tunaweza kujenga nyumba pacha moja, yaani familia mbili za walimu, kila upande vyumba viwili, sebule, jiko na tangi la maji ya mvua. Uwanja upo, pale nyuma ya maabara ya zamani, na Mkuu wa Shule amekubali. Itabaki akiba kidogo, na kwa hiyo akiba napendekeza mambo mawili. La kwanza, mfuko wa kumpokea mwalimu: anaporipoti, shule imkute na godoro, jiko, na mkopo usio na riba wa kumfikisha kwenye mshahara wa kwanza. La pili, nauli na chai kwa walimu wastaafu. Mjini hapa ninawajua wanne, wawili wa sayansi, ambao wako tayari kuja mara mbili kwa wiki kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mpya na kutembea naye baadaye chini ya miembe. Mimi nitakuwa wa tano, nikiombwa.

Nimekwisha kusikia hoja za kupinga, maana jana usiku zilisemwa kwa sauti kubwa kidogo pale hotelini. Moja ni kwamba nyumba za walimu ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na tuendelee kuikumbusha. Hata bweni tulilolala sisi lilikuwa kazi ya Serikali, na bado wazee wa vijiji hivi walibeba mawe yake. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mwalimu atakaa katika nyumba yetu mwaka mmoja, kisha atahamishwa, nasi tutakuwa tumemjengea mpitaji. Kwa hiyo naomba iandikwe kwamba nyumba ni ya shule, na kipaumbele kiwe kwa mwalimu aliye katika miaka yake mitatu ya mwanzo, kwanza wa hesabu na sayansi. Akihamishwa, tutakuwa tumeisomesha shule nyingine mwalimu mmoja. Sioni hasara kubwa hapo. Mwalimu wetu wa hesabu naye alihamishwa, na waliompata walifaidi.

Hoja ya tatu ni majina. Wapo waliochanga wakitumaini jina lao lionekane langoni, na mimi siwacheki. Mtu ana haki ya kupenda jina lake. Majina yanaweza kuandikwa ukutani pa nyumba. Watakaoyasoma ni wachache kuliko wapita njia wa barabarani, lakini watayasoma kila asubuhi wakienda kuchota maji.

Sasa neno kwenu vijana, na hili halitakuwa refu.

Sitawaambia wote muwe walimu. Mishahara mnaijua, maana walimu wenu hawawafichi. Ajira nayo si kama zamani, tulipopangiwa vituo kabla wino wa cheti haujakauka. Siku hizi mwombaji wa ualimu Serikalini hupita katika usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na katika masomo ya sanaa foleni ni ndefu. Asiwadanganye mtu. Lakini anayeweza fizikia, kemia au hesabu na akapenda kufundisha, nchi hii bado inamwita kwa jina.

Ila kupenda kufundisha hakujulikani kwa kujiuliza kichwani. Hujulikana kwa kufundisha. Nimezungumza na Mkuu wa Shule, naye amekubali tujaribu muhula ujao: wale wa kidato cha tano wanaotaka, wachukue kundi la vijana wanane wa kidato cha kwanza, Jumanne na Alhamisi, saa ya maandalizi ya jioni, wawasaidie hesabu. Mwalimu mmoja atazunguka akiwatazama. Wengi wenu mtagundua katika wiki mbili kwamba kazi hii inawachosha, nanyi mtakwenda kwenye uhandisi wenu bila deni. Lakini watakuwepo wawili au watatu ambao, kijana akikwama, hawatarudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi; watanyamaza kwanza, wamtazame, wajiulize ameshika wapi na ameachia wapi. Hao nawataka majina yao. Hao ndio nitakaowafuata nyumbani kwao kuzungumza na mama zao kabla kikao cha ukoo hakijaitishwa.

Walimu mlio hapa leo, sikuwasemea ili niwaonee huruma. Nimekaa nyuma ya darasa jana, kwa ruhusa, nikaona kipindi cha baiolojia cha kidato cha tatu ambacho ningependa wanachuo wangu wote wangekiona. Nimemwambia mwenyewe, kwa hiyo sitamtaja.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi ya makisio ya nyumba nimeikabidhi kwa Mweka Hazina, pamoja na sahihi kumi na saba za wanaoliunga mkono pendekezo hili. Naomba ajenda namba 6 ipigiwe kura sasa, kabla ya chakula. Harufu ya pilau mmekwisha kuisikia, na baada ya pilau sijapata kuona mkutano wa wanafunzi wa zamani ukiamua jambo lolote.